Fremu ya Mchoraji na Waya wa Simu: Maisha ya Samuel Morse na Uhusiano wa Sanaa na Uvumbuzi wa Kiteknolojia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa sanaa na uvumbuzi wa kiteknolojia kwa kufuatilia maisha ya Samuel F. B. Morse (1791–1872), mchoraji wa Marekani ambaye jina lake limebaki katika telegrafu na katika alfabeti ya nukta na vistari. Inadaiwa hapa kwamba mtambo wake wa kwanza haukuwa kazi ya mtu aliyeiacha sanaa, bali ulikuwa kazi ya mchoraji kwa mata yake, kwa mbinu zake na kwa dhana yake. Aidha, makala yanaonyesha mahali ambapo sanaa peke yake haikutosha, na gharama ambayo Morse aliilipa.

1.0 Utangulizi

Neno sanaa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka mzizi wake unahusu kazi ya kutengeneza kitu kwa ustadi. Mzizi huohuo ndio unaotumika katika Kiarabu cha leo kutaja viwanda. Kigiriki nacho kina neno tekhne, ambalo zamani lilijumuisha kazi ya mchongaji wa sanamu na ya seremala, na ndilo lililozaa neno teknolojia. Katika mwambao wa Afrika Mashariki hali haitofautiani sana na hiyo: anayechonga nakshi za mlango wa Unguja ni fundi, anayeunda jahazi ni fundi, na anayetengeneza saa ni fundi. Lugha, kwa hiyo, haikuitenga kazi ya kupendeza na kazi ya kufaa. Utengano huo umekuzwa na taasisi zetu, hususan shule na vyuo, ambako kijana hutakiwa mapema kuchagua mchepuo wa sanaa au wa sayansi, na akishachagua, mlango wa pili hufungwa nyuma yake.

Mjadala kuhusu suala hili mara nyingi huendeshwa kwa hoja za jumla ambazo ni rahisi kuzikubali na ni rahisi vilevile kuzisahau. Makala haya yamechagua kufuata maisha ya mtu mmoja, ili ionekane ni wapi hasa sanaa iliingia katika uvumbuzi, na ni wapi haikuingia. Samuel Finley Breese Morse anafaa kwa kazi hiyo. Jina lake linafahamika duniani kote kwa sababu ya telegrafu, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba hadi alipofikia umri wa miaka 46 alijitambulisha kuwa mchoraji, na kwamba alipofanya majaribio yake alikuwa profesa wa uchoraji na uchongaji.

Kwa kawaida maisha yake husimuliwa kana kwamba ni ya watu wawili: mchoraji aliyeshindwa, na baada yake mvumbuzi aliyefaulu. Msimamo wetu ni kwamba mgawanyo huo haukubaliani na ushahidi uliopo. Hata hivyo, hatudhamirii kudai kwamba sanaa pekee ilitosha. Dai la namna hiyo lingekuwa kosa lilelile lililogeuzwa upande wa pili.

2.0 Malezi na elimu

Morse alizaliwa Charlestown, Massachusetts, tarehe 27 Aprili 1791, akiwa kifunguamimba. Baba yake, Jedidiah Morse, alikuwa mchungaji wa madhehebu ya Kikalvini na pia mwandishi wa vitabu vya jiografia vilivyosomwa sana katika shule za Marekani changa. Nyumba hiyo ilikuwa ya dini, vitabu na nidhamu. Wazazi walitamani mtoto wao apate kazi ya heshima na ya uhakika; uchoraji haukuwa mojawapo.

Akiwa katika Chuo cha Yale, alikohitimu mwaka 1810, alihudhuria mihadhara ya Benjamin Silliman na Jeremiah Day iliyogusia umeme. Wakati huohuo alijipatia fedha za matumizi kwa kuchora sura za watu kwenye vipande vidogo vya pembe za ndovu. Jambo hili linastahili kuzingatiwa, kwani linaonyesha kwamba umeme na brashi viliingia katika maisha yake pamoja, chini ya paa moja. Tofauti ni kwamba brashi ilimpa riziki, ilhali umeme ulibaki katika kumbukumbu kwa zaidi ya miaka 20.

Baada ya kuhitimu aliwekwa kwa muuza vitabu wa Boston ili ajifunze kazi. Hakuipenda. Hatimaye wazazi walikubali, na mnamo Julai 1811 alisafiri kwenda Uingereza pamoja na mchoraji Washington Allston, aliyekuwa mwalimu wake.

3.0 Mchoraji na jamii yake

Jijini London, Morse alisoma katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa na kupata maelekezo ya Benjamin West, Mmarekani aliyekuwa rais wa chuo hicho. Kazi yake kubwa ya wakati huo ilikuwa picha ya shujaa Hercules akiwa katika hali ya kukata roho. Kabla ya kuichora, alifinyanga kwanza sanamu ndogo ya mwili huo ili auelewe kutoka kila upande. Sanamu hiyo, iliyokuwa nyenzo tu ya maandalizi, ilimpatia medali ya dhahabu mwaka 1813, na picha yenyewe ikaonyeshwa mwaka huohuo. Tunaitaja habari hii kwa sababu mbinu ya kuunda kielelezo kidogo kwanza, kukigeuzageuza na kukijaribu kabla ya kuingia katika kazi kubwa, itajitokeza tena katika maisha yake kwa sura nyingine.

Alirejea nyumbani mwaka 1815 akiwa na matumaini ya kuchora matukio makubwa ya historia. Jamii aliyoikuta haikuhitaji picha za aina hiyo. Wenye fedha walitaka sura zao wenyewe na za jamaa zao, na walitaka zipatikane kwa bei nafuu. Morse akawa mchoraji wa kuzunguka mji kwa mji, kuanzia New Hampshire hadi Charleston, Carolina ya Kusini. Mwaka 1818 alimwoa Lucretia Walker, ambaye kwa sehemu kubwa ya ndoa yao alibaki na watoto huku mumewe akiwa safarini.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa tayari anabuni mitambo. Mwaka 1817 yeye na ndugu yake Sidney walisajili pampu ya maji kwa ajili ya kuzimia moto, na baadaye alijaribu kuunda mashine ya kuchongea marumaru ambayo ingenakili sanamu. Hakuna kati ya hivyo kilichomletea mali. Hata hivyo, vinatosha kuonyesha kwamba uvumbuzi haukumjia ghafla uzeeni. Mashine ya marumaru, hasa, ilizaliwa moja kwa moja na haja ya msanii: namna ya kupata nakala ya umbo bila kulichonga upya kwa mkono.

Mwaka 1821 alianza kuchora ukumbi wa Baraza la Wawakilishi jijini Washington, akionyesha saa ya jioni wakati taa zinawashwa na wajumbe zaidi ya 80 wakijiandaa kwa kikao. Alitarajia kwamba watu wangelipa kiingilio ili kuitazama. Picha ilisafirishwa mji kwa mji, watazamaji wakawa wachache, na gharama zikazidi mapato.

Nafuu ilionekana kuja mwaka 1825, Jiji la New York lilipompa kazi ya kuchora picha kubwa ya Marquis de Lafayette kwa malipo ya dola 1,000. Alikuwa Washington akiifanya kazi hiyo wakati mkewe alipofariki ghafla huko New Haven tarehe 7 Februari. Siku tatu baada ya kifo hicho Morse alikuwa bado anamwandikia barua mke ambaye hakuwapo tena duniani. Habari ilimfikia kwa barua ya baba yake, na alipowasili New Haven alikuta mazishi yamekwisha.

Masimulizi mengi maarufu huiunganisha huzuni hiyo na telegrafu, kana kwamba mvumbuzi aliapa juu ya kaburi kwamba habari hazitachelewa tena. Kisa kinavutia, lakini mtafiti hana budi kukichukua kwa tahadhari. Miaka saba ilipita kati ya msiba huo na siku alipoanza kuchora mtambo wake, na katika miaka hiyo nguvu zake alizielekeza katika uchoraji. Tunachoweza kusema bila kukosea ni kwamba alifahamu kwa uchungu umbali unavyoweza kumfanya mtu aishi katika habari zilizokwisha kupitwa.

4.0 Louvre na merikebu Sully

Mwaka 1826 Morse aliongoza wasanii wenzake katika kuimarisha Taasisi ya Taifa ya Usanifu jijini New York, akawa rais wake wa kwanza hadi mwaka 1845. Kisha, kuanzia mwisho wa mwaka 1829, alikwenda tena Ulaya kwa takriban miaka mitatu.

Kazi kuu ya safari hiyo ilikuwa picha ya ukumbi wa makumbusho ya Louvre, Paris. Ndani ya picha hiyo moja alinakili kwa udogo picha 38 za mabingwa wa Ulaya, zikiwamo za Leonardo da Vinci, akazipanga ukutani kwa mpangilio wake mwenyewe. Aliifanya hata wakati kipindupindu kilipoingia Paris mwaka 1832 na kuua watu kwa maelfu. Shabaha yake ilikuwa ya kielimu: Mmarekani asiyekuwa na nauli ya kuvuka bahari aletewe hazina hiyo nyumbani.

Ikitazamwa kwa jicho la mtu wa mawasiliano, picha hii ina jambo la kufikirisha. Morse aliteua vitu vingi vilivyo mbali, akavipunguza, akaviweka katika mpango mmoja unaobebeka, ili mtu wa ng'ambo avifasiri upya. Hiyo ni tafsiri yetu na si maelezo yake. Lakini inaelekea kwamba fikra ya kufupisha ili kupeleka mbali ilikuwa imekwisha kukomaa mkononi mwake kabla haijaingia katika waya.

Mnamo Oktoba 1832 alipanda merikebu Sully huko Le Havre kurudi New York, akiwa na picha hiyo ambayo bado haijakamilika. Melini alikutana na Charles Jackson, daktari wa Boston aliyekuwa akizungumzia majaribio ya sumakuumeme aliyoyasikia Ulaya. Katika mazungumzo hayo Morse alishika wazo kwamba ikiwa umeme unaweza kuonekana mahali popote penye waya, basi unaweza kutumika kupeleka habari. Alichukua daftari lake la kuchorea na kuanza kuchora vifaa na alama. Baadaye Jackson alidai kwamba wazo lilikuwa lake, na ugomvi huo ulidumu miaka mingi.

Ifahamike kwamba kutuma habari mbali halikuwa jambo geni. Ufaransa ilikuwa na minara ya Claude Chappe tangu miaka ya 1790, iliyopitisha ishara kwa mikono ya mbao. Lakini minara hiyo ilihitaji mwanga na hali nzuri ya hewa. Jipya katika daftari la Morse lilikuwa shabaha ya kuufanya umeme uandike.

5.0 Fremu iliyogeuka mtambo

Picha ya Louvre ilipoonyeshwa New York mwaka 1833 haikuvuta watu. Morse aliiuza kwa dola 1,300, takriban nusu ya bei aliyoitaka. (Mwaka 1982 picha hiyohiyo ilinunuliwa kwa dola milioni 3.25.) Alikuwa sasa profesa katika taasisi ambayo leo ni Chuo Kikuu cha New York, akiishi katika vyumba vya jengo la chuo na kutegemea zaidi ada za wanafunzi wachache. Ni katika vyumba hivyo, kati ya rangi na sanamu za plasta, ndimo alimounda mtambo wake wa kwanza.

Kiunzi cha mtambo huo kilikuwa fremu ya mbao ya kuwambia kitambaa cha kuchorea picha. Mchoraji aliisimamisha fremu, akaifunga juu ya meza, akaining'iniza ndani yake mkono wenye penseli nchani, akauweka mkabala na sumakuumeme. Chini ya penseli ulipita utepe wa karatasi uliovutwa na magurudumu ya saa ya zamani. Umeme ulipopita, mkono ulivutwa kando, ulipokatika, ulirudi. Hivyo penseli ilichora mstari wenye pembe mithili ya meno ya msumeno, na katika meno hayo msomaji alihesabu tarakimu. Mtambo huo umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, Washington.

Je, fremu hiyo ilitumika kwa sababu tu ilikuwa karibu? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Maskini hutumia alichonacho. Lakini mtambo mzima unasema zaidi ya hapo. Mwaka 1837, William Cooke na Charles Wheatstone wa Uingereza walisajili telegrafu ambayo sindano zake zilielekea kwenye herufi; mpokeaji alipaswa kutazama na kukumbuka. Morse alitaka alama ibaki. Mtu aliyeishi kwa kuacha michirizi juu ya kitambaa aliuona ujumbe kuwa mchirizi. Kwa upande wa kutuma, aliziyeyusha na kuzisubu risasi kuwa vipande vyenye meno, akavipanga kwenye reli kama mpiga chapa apangavyo herufi. Penseli, karatasi, fremu na herufi za risasi: vyote ni vyombo vya mtu wa picha na maandishi.

Hata hivyo, mtambo huo haukufanya kazi kwa umbali wa maana. Morse hakuwa mwanafizikia, na umeme wake ulififia baada ya hatua chache za waya. Aliyemwokoa ni mwenzake wa chuoni, profesa Leonard Gale, aliyekuwa amesoma utafiti wa Joseph Henry wa mwaka 1831. Gale alimshauri aongeze seli za betri na mizunguko ya waya katika sumakuumeme. Wakafika maili 10. Mwaka 1837 aliungana nao Alfred Vail, kijana ambaye familia yake ilimiliki kiwanda cha chuma huko New Jersey, na ambaye mikono yake iliugeuza mtambo wa mbao kuwa wa chuma, mdogo na imara. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndivyo Morse alivyofanya baadaye alipopunguza mchango wa Henry. Historia haina budi kuilegeza ngozi hiyo.

Mwaka huohuo wa 1837 ulimletea pigo. Bunge la Marekani lilipoteua wachoraji wa kujaza nafasi zilizobaki katika ukumbi wa duara wa jengo lake, Morse, aliyekuwa rais wa wasanii wa New York, aliachwa. Tangu hapo uchoraji haukuwa tena kazi ya maisha yake. Alipokwenda Ulaya kutafuta hataza alikutana jijini Paris, mwaka 1839, na Louis Daguerre, mchoraji mwingine aliyegeuka mvumbuzi, ambaye alikuwa amepata njia ya kuinasa sura kwa mwanga juu ya bamba lenye fedha. Morse alikuwa miongoni mwa waliopeleka habari hizo Marekani, na huko New York alipiga na kufundisha upigaji wa picha hizo. Mathew Brady, aliyepata kujulikana kwa picha za vita vya wenyewe kwa wenyewe, alijifunza kwake.

6.0 Nukta, vistari na lugha

Kwa wanaisimu, sehemu inayovutia zaidi ni alfabeti yenyewe. Mwanzoni Morse alikusudia kila neno liwe na namba yake katika kamusi kubwa: mtumaji angetuma namba, na mpokeaji angefungua kamusi kutafuta neno. Kwa istilahi za taaluma yetu, alianza na mfumo wa alama kwa neno zima. Mnamo 1838 mfumo huo uliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na alama kwa kila herufi. Hivyo, katika muda wa miaka michache, mradi mmoja ulipita njia ambayo historia ya maandishi iliipita kwa maelfu ya miaka.

Swali lililofuata lilikuwa la uchumi: herufi ipi ipewe alama fupi? Jibu lilipatikana kwa mpiga chapa. Katika makasha ya herufi za risasi, herufi zinazotumika zaidi huwekwa kwa wingi zaidi; kuhesabu vipande ni kuhesabu matumizi. Wasomi bado wanabishana iwapo aliyefanya hivyo ni Morse au Vail. Lililo wazi ni kwamba E, inayojitokeza zaidi katika Kiingereza, ilipewa nukta moja. Kanuni ya kwamba kinachotumika mara nyingi huelekea kuwa kifupi ilikuja kuelezwa kitakwimu na George Kingsley Zipf karibu miaka 100 baadaye.

Matokeo yake ni kwamba alfabeti inayodhaniwa kuwa ya watu wote imebeba sura ya lugha moja. Katika Kiswahili herufi A ndiyo inayotawala, kwani imo katika viambishi vingi na katika irabu ya mwisho ya vitenzi visivyohesabika. Lakini kwa Morse A ni nukta na kistari, na K ni kistari, nukta na kistari. Mfumo wa kimataifa uliokubaliwa Paris mwaka 1865 ulirekebisha alama nyingi bila kugusa hizi. Waya wa chini ya bahari ulipofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, uliingia ukiwa na uzani wa Kiingereza. Teknolojia, kama sanaa, haikosi lafudhi.

Jambo la pili la kiisimu ni hatima ya penseli. Morse alibuni chombo cha kuandika. Lakini wapokeaji waliokaa siku nzima kando ya mtambo walitambua kwamba mlio wake ulitosha. Waliacha kusoma utepe wakawa wanasikiliza. Maandishi yakageuka sauti, na vifaa vya baadaye havikuwa na karatasi kabisa. Mchoraji alitoa picha, watumiaji wakaifanya usemi. Hapa tunajifunza kwamba uvumbuzi, kama shairi, hauishii kwa mtunzi wake.

Kiswahili nacho kilikipokea chombo hicho kwa namna yake. Neno simu, ambalo asili yake ya Kiajemi inahusu uzi wa madini, lilitumika kwa telegrafu kabla ya kuhamia kwenye simu ya sauti. Wenye umri wa mwandishi wa makala haya watakumbuka kwamba utotoni kuletewa simu kulikuwa ni kuletewa kipande cha karatasi kutoka posta, chenye maneno machache kwa kuwa kila neno lililipiwa, na kwamba mara nyingi maneno hayo yalikuwa ya msiba. Watu walipanda basi usiku uleule, na baadhi yao waliwahi mazishi.

7.0 Umaarufu na kivuli chake

Morse alipata hataza ya Marekani tarehe 20 Juni 1840. Mnamo Machi 1843, baada ya miaka ya kuombaomba, Bunge lilimpa dola 30,000 za kujenga njia ya majaribio ya kilomita 64 hivi kati ya Washington na Baltimore. Waya uliofukiwa ardhini ndani ya mabomba ya risasi uliharibika, na kazi ikaanza upya kwa nguzo. Tarehe 24 Mei 1844, akiwa katika chumba cha Mahakama ya Juu ndani ya jengo lilelile ambalo kuta zake alinyimwa kuzichora, alimtumia Vail aliyekuwa Baltimore maneno machache kutoka Kitabu cha Hesabu. Ujumbe ulirudi kama ulivyokwenda.

Utajiri ulifuatwa na kesi. Katika hukumu ya mwaka 1854 Mahakama ya Juu ilithibitisha haki yake juu ya mtambo alioubuni, lakini ikamkatalia dai la kumiliki kila namna ya kuandika kwa umeme kutoka mbali. Kwa maneno mengine, mahakama ilimpa umbo ikamnyima nguvu ya maumbile. Mhakiki wa fasihi ataitambua hoja hiyo mara moja: mtunzi huwa na haki juu ya utenzi wake, wala hawi na haki juu ya mapenzi au kifo.

Hatuwezi kuyafunga maisha haya bila kutaja upande wake wa giza. Morse aliwachukia wahamiaji Wakatoliki, akagombea umeya wa New York mwaka 1836 kwa siasa hizo na kushindwa vibaya. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani aliandika kuutetea utumwa kwa hoja za kidini. Mtu aliyekaribisha miji mbali na mbali hakuona haja ya kumkaribia mwanadamu mwenzake aliyefungwa minyororo. Kwetu sisi, ambao pwani yetu iliyajua masoko ya watumwa, hilo si jambo la kupitiwa haraka. Linatukumbusha kwamba ustadi wa mkono, uwe wa brashi au wa waya, hauna ahadi yoyote juu ya moyo.

Mnamo Juni 1871 wapiga telegrafu wa Marekani walimsimamishia sanamu katika bustani kuu ya New York. Alifariki jijini humo tarehe 2 Aprili 1872, akiwa na umri wa miaka 80.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Morse yanatupatia majibu matatu kuhusu uhusiano wa sanaa na uvumbuzi wa kiteknolojia. Kwanza, sanaa ilimpa mata na mbinu: fremu, penseli, kielelezo kidogo kabla ya kazi kubwa, na mazoea ya kufupisha. Pili, ilimpa dhana, yaani kwamba ujumbe ni alama inayobaki. Tatu, haikumpa nguvu ya kuifikisha alama hiyo mbali. Hiyo aliipata kwa Henry kupitia kwa Gale, na umbo la kudumu alilipata kwa Vail. Uvumbuzi ulifaulu kwa kuwa mchoraji, mkemia na fundi chuma walikutana chumba kimoja, katika chuo kilichokuwa bado kichanga mno kuwajengea kuta za kuwatenga.

Ni kweli pia kwamba sanaa haikulipwa fadhila. Jamii iliyompuuza mchoraji ilimtajirisha mvumbuzi, na picha zake zikasubiri zaidi ya karne kupata thamani. Alama zake nazo hazikudumu milele: mwaka 1999 mfumo wa kimataifa wa usalama baharini uliacha kuzitegemea. Picha ya Louvre, kwa upande wake, bado inatazamwa. Tunapowaambia wanafunzi wetu wachague kati ya michepuo miwili, yafaa tukumbuke kwamba katika kiunzi cha telegrafu ya kwanza mna mbao nne zilizokusudiwa kuwamba picha, na kwamba lugha tunayoifundisha ilikwisha kuwaita wote wawili kwa jina moja: fundi.